Mafahali Wawili Mezani

Jioni nikiisha kufunga ofisi ya parokia, mimi hutengeneza redio. Mezani nina vipimo viwili vya kuhesabu mizunguko ya mawimbi. Kila kimoja kina fuwele yake ya kwatsi, nayo hupotoka kwa joto na kwa uzee. Kwa wimbi lile lile kimoja kilisoma 10,000,000 kwa sekunde, cha pili 10,000,300. Mafahali wawili hawakai zizi moja! Tena redio iliyoningoja ni ya zahanati. Ikipotoka hivyo, neno la mgonjwa halisikiki vema.

Basi nilitwaa mkebe wa biskuti, risiva ndogo ya GPS, na fuwele moja njema. Setilaiti zile zina saa za atomu, na risiva hutoa pigo moja kila sekunde. Kidude nilichounga huhesabu mizunguko ya fuwele kati ya mapigo: ikizidi 10,000,000 hupunguza volti, ikipungua huongeza. Nyaya mbili huipeleka nyuma ya kila kipimo.

Sasa vyasoma namba moja, na redio imerudi zahanati. Msomaji, wawili wakibishana, kelele haziamui. Na watafute kipimo kilicho juu yao wote wawili.