Ndimu ya Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpenzi msomaji, mimi si mgema, na mnazi sijaukwea hata nusu, lakini tembo langu nililitia maji huku naona. Tembo lenyewe lilikuwa ndimu tatu.

Kwetu ni Kau, kijiji kilicho ukingoni mwa mto katika delta ya Tana, si mbali na Kipini ambako mto humwaga maji yake baharini. Kaka yangu mkubwa ni mwanasarakasi. Yeye na wenzake huonyesha michezo katika hoteli za Mombasa na Malindi. Likizo moja, nilipokuwa bado shule ya msingi, alinifundisha kurusha na kudaka ndimu. Tulianza na moja, kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, ikifika usawa wa macho. Kisha mbili: ya pili hurushwa pale ya kwanza inapofika kileleni, si kabla. Halafu tatu. Kwa majuma mawili niliokota zaidi ya nilivyodaka. Siku moja, ghafla bin vuu, ndimu zikakubali. Zikawa zinapishana mbele ya uso wangu kama mbayuwayu.

Sifa zikaanza. Watu wakingoja chombo pale ngamani waliniita, "Ebu njoo, tuonyeshe!" Nami sikujivuta. Nilipojiunga na sekondari nilikwenda na ndimu zangu sandukuni, na bweni zima likanijua. Mwalimu wetu wa Historia alituambia kwamba huko Beni Hasan, Misri, kuna picha za wanawake wanaocheza mchezo huu, zilizochorwa kwenye ukuta wa kaburi yapata miaka 4,000 iliyopita. Wenzangu waligeuka wakanitazama mimi. Nilijiona kama nami nimechorwa ukutani.

Mwaka mzima ulipita nikirusha zilezile tatu, kwa namna ileile. Kaka aliporudi nyumbani akanitazama akiwa amekaa juu ya gogo. Nilipomaliza hakupiga makofi.

"Na nyingine?" akauliza.

"Nyingine ipi tena kaka?"

Akachukua ndimu ya nne akanitupia. Nikajaribu palepale, mbele ya watoto waliokuwa wamezoea kunishangilia. Mbili ziligongana hewani, moja ikanipiga puani, na ya nne ikabingirika hadi mtoni, chubwi! Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Nilihisi uso ukiwaka moto. Nikasingizia kwamba mama ananiita nikaondoka. Kwa siku tatu sikugusa ndimu, na mtu akiniomba nimwonyeshe, nilisema mkono unauma. Mkono haukuuma. Kilichouma kilikuwa ndani zaidi.

Sasa nataka nikueleze habari za baba, kwa maana bila yeye insha hii isingekuwepo.

Baba ni mkulima wa mpunga. Kwetu mpunga hautegemei mvua pekee. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda na kuingia mashambani. Lakini mto ukipungukiwa na nguvu, bahari hupata nafasi, na maji yanayopanda huwa ya chumvi. Ndivyo ilivyotufika mwaka ule. Mpunga ulinyauka kabla haujatoa suke. Karo yangu ilikuwa ndani ya mpunga huo.

Baba akaazima kimia cha ami. Kwa asiyekijua, kimia ni wavu wa kutupa wenye risasi pembeni. Unaukunja begani, unazungusha kiuno, unauachilia. Ukitupwa vizuri hufunguka hewani ukawa duara na kuanguka juu ya samaki. Ukitupwa vibaya huanguka kama furushi. Cha baba kilianguka kama furushi. Alisimama kwenye mtumbwi, mtu aliyepita miaka hamsini, akatupa, akavuta, akatupa tena. Wavuvi vijana walikuwa wakipita karibu. Mmoja akapaza sauti:

"Mzee, hicho ni kimia au ni kikoi unafua?"

Baba akacheka kuliko wao. Akajibu, "Leo nafua, kesho n'tavua!" Kisha akakunja kimia begani akatupa tena.

Usiku ule nilimuuliza, "Baba, huoni haya, watu wote wale?"

"Haya ya nini? Mpunga nilikuwa naujua hata nikifumba macho. Uko wapi sasa?" Akanyamaza kidogo, akipangusa mikono yake iliyochubuka kwa kamba. "Mwanangu, kupotea njia ndiko kujua njia. Asiyetaka kupotea hukaa nyumbani."

Sikupata usingizi upesi. Alfajiri nilimwamsha kaka.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilinishangaza. Nne si tatu ukaongeza moja. Ndimu tatu hupishana, kila moja ikivuka kutoka mkono huu hadi ule. Nne, katika mchezo wake wa msingi, hazipishani kabisa: kila mkono una mbili zake, unazizungusha peke yake kama vile mwenzake hayupo. Basi ujuzi wangu wote wa kupishanisha ulikuwa ndio unaonikwaza. Mikono yangu ilitaka kupeana kila mara, nami ilinibidi kuikataza. Nilirudi kuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza: ndimu mbili mkono wa kulia, kutwa. Kisha mbili mkono wa kushoto. We! Mkono ule ulikuwa kama mgeni asiyejua lugha.

Tuliacha ndimu tukashona vifuko vya kitambaa, tukavijaza mchanga, ili vikianguka visibingirike hadi kwa mamba. Kaka pia alinionyesha daftari lake. Warushaji wa siku hizi huandika michezo yao kwa tarakimu. 3 ni kifuko kinachovuka kwenda mkono wa pili, 4 ni kile kinachopaa juu zaidi na kurudi mkono uleule, na 1 ni kupokeza upesi moja kwa moja toka mkono hadi mkono. Mchezo ukiandikwa 441, jumlisha: 4 na 4 na 1 ni 9. Gawanya kwa tarakimu tatu, unapata 3. Ndiyo idadi ya vifuko unavyohitaji. Basi kwa vifuko vitatu nilivyovizoea mikono ilianza kuonja ile 4 ngeni. Ilikuwa daraja la kunivusha.

Nilipofika kwenye somo la Fizikia ndipo nilipojua kwa nini mabega yaliniuma. Kitu kikirushwa juu nusu mita hurudi mkononi baada ya kama sekunde 0.64. Ukitaka kikae hewani mara mbili ya hapo, haitoshi kukirusha mita moja. Sharti kipande mita 2. Kila ukiongeza vifuko unahitaji muda, na muda huo unaulipa kwa urefu, na kadiri unavyorusha juu ndivyo kosa dogo la kidole linavyokuwa kubwa kule juu.

Likizo ilipokaribia kwisha, nilikuwa nimefikisha mitupo kumi na miwili. Jioni ileile, nikiwa ukingoni, niliona kimia cha baba kikifunguka. Si duara kamili, kilikuwa kama yai, lakini kilifunguka. Alirudi na kamba na samaki wa mboga, na wengine wa kuuza. Hatukusema neno. Tulitazamana tu tukacheka.

Muhula uliofuata, katika usiku wa Chama chetu cha Kiswahili, niliitwa jukwaani. Kumbe wote walitarajia zile tatu! Nilitoa vifuko vinne. Mtupo wa saba kimoja kikaanguka, pu! Ukumbi ukazizima, kisha mtu akacheka kule nyuma. Magoti yalinitetemeka. Zamani ningesingizia mkono. Nikainama, nikakiokota, nikasema, "Leo naokota, kesho n'tadaka!" Ukumbi ukaangua kicheko, lakini safari hii tulicheka pamoja. Nikaanza upya, nikafika thelathini na mbili.

Ndugu msomaji, usidhani nimefika. Baba bado anajifunza, na karo haijaisha kulipwa. Mimi nimeanza vifuko vitano, ambavyo hupishana kama vitatu lakini juu zaidi, na hadi leo sijavuka mitupo tisa. Ukipita nyuma ya bweni letu jioni ukasikia pu, pu, pu, usihofu. Ni mimi naokota. Na kama nawe una jambo ulilolijua zamani, ukasifiwa, ukasimama hapohapo, njoo. Mchanga upo, na vitambaa vipo.