Bahasha

Mkutano mmoja ulipokwisha nilitiliwa bahasha mkononi ili habari niliyoisikia humo isichapishwe. Nyumbani nilikuwa nikidaiwa kodi ya miezi miwili. Nilikwenda nayo hadi kituo cha basi. Hapo nikamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 baada ya kuukemea uonevu wa utawala wa Idi Amin. Yeye ilimgharimu uhai. Mimi ingenigharimu kodi tu. Nikageuka, nikairudisha.

Mke wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, kesho twende sote tukamwombe mwenye nyumba atuongezee siku."

Kanisani nimeimba miaka mingi. Siku ile ndipo nilipoulizwa kama nayasadiki niyaimbayo.