Picha ya Nani

Miaka 11 nilipiga picha Kariakoo, na sikumbuki hata siku moja niliyomvizia mtu. Mteja alikuja amejiandaa, ananyoosha kola, anakaza shingo mbele ya pazia lililochorwa ziwa, ananiuliza, "Tayari, fundi?" Kesho yake anarudi: "Nipe picha yangu." Yake, kwa sababu ndiye aliyemo. Mimi niliyeisafisha gizani mpaka vidole vikanuka dawa, sikuwahi kudai chochote.

Wizi nilijifunzia Hamburg. Siku za kazi nilikuwa dukani nikipiga picha za pasipoti, nyuso zisizoruhusiwa kutabasamu. Jumapili alfajiri nateremka Fischmarkt, soko la samaki kando ya mto Elbe. Kiangazi hufunguliwa saa 11, walevi waliokesha wakakutana na wazee waliokuja kununua mikunga, na wachuuzi wananadi kwa makelele utadhani uko soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Lenzi nimeshaitega mita mbili na nusu, tundu 8, kasi 250. Kamera kifuani, macho nimeyapeleka kwingine, kidole kinabonyeza.

Mwanzoni nilidhani Wajerumani ni wakali wa picha bila sababu. Kumbe wana kisa. Bismarck, aliyekuwa kansela wao, alipofariki Julai 1898 huko Friedrichsruh, karibu na Hamburg, wapiga picha wawili, Willy Wilcke na Max Priester, walihonga mtu, wakaingia usiku kupitia dirishani, wakampiga picha maiti kitandani. Walifungwa. Mwaka 1907 ikaja sheria ambayo hadi leo inatumika: picha ya mtu haisambazwi wala haionyeshwi hadharani bila ridhaa yake. Ilitaja kusambaza na kuonyesha; kubonyeza haikutaja. Nilijificha kwenye mwanya huo miaka mingi, makasha ya picha yakijaa chini ya kitanda.

Mpaka mzee mmoja mwenye kofia ya buluu. Alikuwa anakula mkate wenye samaki, amefumba macho kwa utamu, kipande cha kitunguu kimenasa kwenye ndevu. Nikabonyeza. Akafumbua.

"Futa," akasema.

Nikamgeuzia kamera aone mgongo wake: hakuna kioo, ni filamu (ubishi wangu wa kale). Akaupapasa kwa kidole chenye mafuta, akitafuta kitufe. Nikamweleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza kwamba hapa hakuna kufuta, kilichoingia kimeingia. Hakupandisha sauti.

"Mein Bild," akasema. Picha yangu.

Vile vile kabisa, kwa mkono ule ule ulionyooshwa juu ya kaunta Kariakoo. Nikaizungusha filamu ikarudi yote kwenye kikopo chake, nikafungua mgongo, nikampa. Ilikuwa ya picha 36 na yeye alikuwa wa 31. Akaitumbukiza mfukoni bila kuitazama, akang'ata mkate wake, akapanda ngazi taratibu kuelekea barabarani, na wale wengine 30 wakimfuata humo mfukoni.