Mkono Mtupu Juu ya Maji



Sisi tuliokulia kando ya ziwa Tanganyika twaijua hofu ya mnyama mkubwa majini. Mvuvi apitaye karibu na mahali Ruzizi inapoingia ziwani, akiyaona masikio ya kiboko, hukatiza maneno yake na kuugeuza mtumbwi polepole. Kwa hiyo niliposoma habari za wavuvi wa Meksiko na nyangumi, niliielewa hofu yao kabla sijaielewa furaha yao.

Katika rasi ya Baja California, upande wa bahari ya Pasifiki, kuna ghuba tulivu iitwayo Laguna San Ignacio. Kila mwaka nyangumi wa kijivu hushuka kutoka bahari za baridi zilizo karibu na Alaska, wakisafiri maelfu ya kilomita, ili kuzaa na kunyonyesha katika ghuba za rasi hiyo. Mama mmoja aweza kufikia urefu wa mita 14 na uzito wa tani 30. Mtumbwi wa mvuvi mbele yake ni kama ganda la karanga.

Mwaka 1857 nahodha Mmarekani, Charles Scammon, aliingia na wawindaji wake katika ghuba nyingine ya rasi hiyo, Ojo de Liebre. Walitafuta mafuta ya nyangumi, ambayo siku zile yaliwasha taa za miji. Baada yao wakaja wengine, hata ghuba zile zikawa machinjioni. Wawindaji walishuka katika mashua ndogo na kuwachoma kwa chusa mama waliokuwa na watoto wao. Mara nyingi mama aliyejeruhiwa, au aliyeona mtoto wake hatarini, aligeuka na kuivunja mashua kwa mkia wake. Ndipo wawindaji wakampa nyangumi wa kijivu jina baya: samaki-shetani.

Tulitazame jina hilo vizuri. Aliyeitwa shetani ni mama aliyemlinda mtoto wake, na aliyemwita hivyo ni yule aliyeshika chusa. Katika nchi yetu pia tumesikia majina ya namna hiyo wakipewa watu, kabila zima likiitwa nyoka au mende. Kabla ya kulirudia jina la namna hiyo, kijana Mkristo na aulize kwanza ni nani aliyelitunga, na alikuwa ameshika nini mkononi.

Jina likaishi kuliko uwindaji wenyewe. Wavuvi wa San Ignacio, ambao hawakurusha chusa hata moja, waliirithi hofu. Walipomwona nyangumi walijitenga naye, wengine wakigonga ubavu wa mashua ili asikaribie. Ndivyo ilivyokuwa mpaka siku moja ya mwaka 1972, mvuvi Francisco Mayoral, aliyejulikana kwa jina la Pachico, alipokuwa akivua pamoja na mwenzake. Nyangumi alikuja mwenyewe, akakaa kando ya mashua yao wala hakuondoka. Pachico aliogopa sana. Mwishowe akanyoosha mkono, akamgusa. Nyangumi alibaki pale pale, akatulia. Tangu siku hizo watu wa ghuba ile wameshuhudia mara nyingi jambo la kushangaza: mama husogea karibu na mashua pamoja na ndama wake, naye ndama huinua kichwa ili aguswe.

Niliwasimulia vijana wa parokia yetu habari hii, nikidhani nimewaletea mfano mzuri wa msamaha. Dada mmoja, ambaye jamaa yake walikimbia kijiji chao usiku na hawajarudi hata leo, aliniuliza kwa sauti ya upole: “Kaka, nyangumi hao walisogea wakati chusa bado ziko mashuani?” Sikuwa na jibu la haraka. Swali lake lilinirudisha kuitazama habari hii upya, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, chusa ziliwekwa chini. Tangu mwaka 1937 mapatano ya mataifa yalianza kuukataza uwindaji wa kibiashara wa nyangumi wa kijivu. Mwaka 1979 serikali ya Meksiko iliitangaza San Ignacio kuwa mahali pa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1993 ghuba hizo ziliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2000 mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi hapo ulifutwa baada ya watu wengi kuupinga. Kwa hiyo mkono wa Pachico haukuwa peke yake. Kabla yake na baada yake kulikuwa na sheria, kazi na uvumilivu wa watu wengi.

Pili, mwenye mashua hamfukuzi nyangumi. Hata leo kiongozi mwema katika ghuba ile hupunguza mwendo, kisha hungoja. Nyangumi akitaka, atakuja. Asipotaka, atapita zake, wala hakuna mwenye haki ya kumlalamikia.

Tatu, kuna mahali toba huchelewa. Katika bahari ya Atlantiki waliishi pia nyangumi wa kijivu, nao wakatoweka kabisa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Huko hakuna aliyebaki wa kuusogelea mkono wa mtu.

Sisemi kwamba mnyama anasamehe. Msamaha ni tendo la roho yenye hiari, na neema yake hutoka kwa Mungu. Lakini Muumba aweza kutufundisha kwa njia ya viumbe vyake, kama alivyomfundisha Yona ndani ya tumbo la samaki mkubwa. Bwana wetu aliwaombea wale waliomsulubisha misumari ikiwa bado mwilini mwake. Kwa hiyo moyo wa Mkristo waweza kuanza kusamehe hata leo, kabla mkosaji hajatubu. Lakini kurudi kuketi pamoja, kula pamoja na kulala bila hofu ni jambo la watu wawili. Kanisa latufundisha kwamba mwenye kutubu anadaiwa majuto, maungamo na malipizi. Anayemwambia mjane “samehe upesi” huku shamba la mjane bado analilima yeye, hajaiweka chusa yake chini.

Nilimrudia dada yule, nikamweleza kwamba swali lake lilikuwa la kweli, na kwamba Mungu hamlazimishi kuusogelea mkono ulioshika silaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi na wao waambiwe.” Ndiyo sababu nimeandika.

Kwa mazungumzo katika vikundi:

1. Ni majina gani ya kuwadharau wengine tuliyoyarithi, nasi twayarudia bila kuuliza yalitoka wapi?

2. Ni chusa gani iliyo bado mkononi mwangu, mwa jamaa yangu, au mwa kikundi chetu?

3. Katika mtaa wetu, ni nani tunayemhimiza asamehe, bila kumsaidia kurudishiwa kilicho chake?

Ee Mungu, Muumba wa bahari na nchi kavu, utupe moyo wa kuweka silaha chini, na uvumilivu wa kungoja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.