Kabla Hamjamwita Mtu Msaliti

Wajukuu zangu,

Mambo ya shamba na nyumba yamo kwenye wosia ule wenye mashahidi. Huu ni wa maneno tu, na ndani yake nawaachia kesi moja ya Athens ya mwaka 330 KK.

Mshtakiwa aliitwa Leocrates. Mwaka 338 KK Philip wa Makedonia aliwashinda watu wa Athens vitani Chaeronea, mji ukaingiwa na hofu. Leocrates akafungasha mali, jioni akapanda meli hadi Rhodes, na kule akatangaza kwamba Athens imetekwa. Uongo mtupu, lakini wafanyabiashara wa nafaka waliuamini, wakashusha shehena zao hukohuko. Baadaye akahamia Megara, akachuuza nafaka ya kupeleka Korintho. Aliporudi kwao, Lycurgus akamshtaki kwa uhaini na kutaka auawe.

Lycurgus hakuwa mtu wa hovyo. Fedha za mji zilipita mikononi mwake miaka 12, na sifa yake ilikuwa uaminifu. Lakini hotuba yake hunitisha. Anakiri mwenyewe kwamba watunga sheria wa kale hawakuandika adhabu ya kosa la namna hii, kwa kuwa hawakudhani lingetokea. Basi anawaomba waamuzi wawe watunga sheria papo hapo. Pengo lililobaki analiziba kwa kiapo cha vijana wa jeshi, mashairi ya vita, na kisa cha mfalme Erechtheus aliyemtoa binti yake sadaka kwa ajili ya mji. Mtu akiililia nchi kiasi hicho, muulizeni kifungu kiko wapi.

Simtetei Leocrates, aliogopa, akadanganya, akapata faida. Ila aliyekimbia si sawa na aliyemfungulia adui lango. Mwaka huohuo wa kesi, wanasiasa wawili wa Athens, Demosthenes na Aeschines, walikuwa wakirushiana tuhuma za usaliti mahakamani: huyu kala fedha za Philip, yule za Uajemi. Na Demosthenes, mzalendo wa vitabuni, Aeschines alimsema kwamba naye alitimua mbio Chaeronea.

Kura za Leocrates zilitoka sawa kwa sawa, na kwa sheria yao sare ilimwachia mshtakiwa. Mimi siku nyingine namwachia, siku nyingine namtia hatiani. Hotuba ya Lycurgus iko rafu ya juu. Kwenye arobaini yangu, pilau likishaliwa, isomeni kwa sauti mpige kura yenu, na mjukuu mdogo kabisa aanze.

Babu yenu