Usukani wa Kushoto, Usukani wa Kulia: Kutoka Maskati Hadi Kilindini

Anayehama Maskati kurejea Mombasa huweza kufunga mazulia, mabuli ya kahawa na hata kitanda cha mtoto, lakini gari lililompeleka kazini miaka yote hana budi kuliacha. Oman magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto. Kenya imeshika desturi iliyoachwa na Waingereza, wala haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa lile la kazi maalumu. Sisi tuliokaa huko miaka tisa tulilijua hilo tangu zamani. Watoto ndio waliolipokea kwa machozi.

Hata hivyo sheria haikumfungia mlango mkazi anayerejea. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe ushuru wa gari moja, akiwa ametimiza umri wa miaka 18, amekaa ng'ambo miaka miwili au zaidi, na gari amelimiliki na kulitumia kwa muda usiopungua miezi 12. Mwenye gari la usukani wa kushoto huliuza kabla ya kurudi, akaleta la kulia ambalo thamani yake haizidi ya lile aliloliuza. Nalo lisiwe limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza.

Sharti lililotukosesha usingizi lilikuwa la siku. Katika ile miaka miwili ya mwisho, mtu asiwe amekaa Kenya zaidi ya siku 90 kwa jumla. Mama yetu, Bi Mkubwa, alikuwa ameanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na tulikuwa tumerudi kumwuguza mara tatu. Tuliketi usiku mmoja na pasipoti mezani, tukihesabu mihuri ya uwanja wa ndege mmoja baada ya mwingine, wa kuingia na wa kutoka. Zilitoka siku 74. Zilizobaki ni 16, na miezi ya kuhama ilikuwa bado mitano. Gari lenyewe tulilitaka kwa ajili yake, maana kumpandisha mgonjwa tuktuk alfajiri na kumrudisha hoi adhuhuri si jambo la kuendelea nalo. Na kwa ajili ya gari hilo hilo ikatubidi tusiende kumwona. Tulipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njooni mara moja, mje na virago vyenu vyote."

Gari la kulia tulilitafuta Dubai, kwenye viwanja vya Ras Al Khor ambako magari yaliyotumika Japani hukusanywa kabla ya kupelekwa Afrika. Hiyo ikawa safari ya mwisho ya gari letu la zamani. Pwani ya Batinah ni tambarare; kushoto milima ya Hajar imekauka kama mifupa, kulia mitende na vijiji vya wavuvi hadi Sohar. Tulisimama Barka kununua tende. Mwuzaji, mzee aliyezaliwa Unguja, alitusemesha kwa Kiswahili kisafi kuliko cha watoto wetu, akatuuliza kama maembe ya Mombasa yangali matamu. Tukapita mpakani karibu na Hatta jua likiwa limekwisha kuzama.

Ras Al Khor ni mahali pa ajabu: jiji linaloendesha kulia limehifadhi magari kwa maelfu ambayo wenyeji wenyewe hawataki. Tulichagua la viti saba, jeupe, lenye mlango wa kuteleza pembeni. Lilikaguliwa huko huko na kupewa cheti cha ubora kinachotakiwa Kenya, nasi tukarudi Maskati kuliuza la kwetu na kutunza kila karatasi ya mauzo.

Mjomba alitupigia simu juma lile. Yeye ana gari, lakini alitamani kubwa zaidi. "Wanangu, msamaha ni wenu. Leteni la fahari kwa jina lenu, mimi nitalipa, nanyi mniachie. Mgonjwa nitambeba mimi." Tulimjibu kwa adabu, "Shikamoo mjomba, tuwie radhi." Gari lililosamehewa likihamishiwa mtu asiye na msamaha, ushuru wake hudaiwa, zaidi ya hapo, tungeweka sahihi juu ya tamko la uongo. Alinuna. Hakuja kutupokea.

Gari lilishuka Kilindini likiwa na mavumbi ya chumvi kwenye vioo. Wakala wa forodha alipokea pasipoti, kadi ya umiliki ya Oman iliyofutwa, hati ya mauzo na barua ya mwajiri, akazirudisha mara mbili kwa sababu ya tarehe. Kila siku ya kungoja uwanjani ina malipo yake, msamaha ukiwapo au usiwapo. Anayekusudia kurejea aziandae karatasi hizo miezi mingi mapema.

Jumatatu ya kwanza tulimchukua Bi Mkubwa Kibokoni baada ya swala ya alfajiri. Aliuliza mlango ule wa kuteleza hufunguliwaje, akataka aufungue mwenyewe. Mjomba alikuwa amekwisha kukaa kiti cha nyuma, na mto wa kuegemea mkononi.