Nusu ya Medali

Katika mwaka wa Jubilei, 2025, tulijaliwa kufika Roma pamoja na makatekista wenzetu, na siku moja tulipanda treni kwenda Firenze, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Padri mmoja wa jimbo letu anayesoma nchini Italia alikubali kututembeza. Alikuwa ametuonya mapema kwamba mji ule wa kale hutembelewa kwa miguu, kwamba njia zake ni nyembamba na zimetandikwa mawe, na kwamba mwenye viatu vipya atajuta. Sisi tulikuwa tumenunua viatu vipya kwa ajili ya safari.

Kila mgeni huanzia kwenye kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Ujenzi wake ulianza mwaka 1296, nao waliotia misingi walikufa bila kuona paa lake, kwa maana sehemu ya kati ilikuwa na upana wa mita 45 hivi na hakuna aliyejua namna ya kuifunika. Ndipo Filippo Brunelleschi, aliyejifunza kwanza ufundi wa kufua dhahabu, alipojenga kuba kati ya mwaka 1420 na 1436, kuba mbili kwa hakika, moja ndani ya nyingine, bila kusimamisha jukwaa la mbao kutoka chini ili kuzishikilia. Tulisimama tumeinua nyuso hadi shingo zikauma. Tunakiri kwamba tulichokuwa tukihesabu moyoni ni mabati ambayo parokia yetu bado haijayapata.

Ng'ambo ya uwanja, mkabala na mnara wa kengele aliouanzisha Giotto, tuliona magari ya wagonjwa yameegeshwa mbele ya nyumba ya kawaida. Tulidhani pametokea ajali.

«Hapana, Mwalimu,» akasema Padri. «Hiyo ni Misericordia. Ni walei kama ninyi.»

Mapokeo ya udugu huo yanahesabu mwanzo wake tangu mwaka 1244. Washiriki wake walibeba wagonjwa na kuzika waliokufa kwa tauni. Walivaa joho jeusi lenye kofia iliyofunika uso, ili anayebebwa asijue ni nani anayembeba. Walitumia hata kiti cha kapu kilichofungwa mgongoni. Hapo tulikumbuka tipoyi ya kwetu. Babu zetu waliibeba mabegani ikiwa na mtawala Mzungu juu yake. Mama zetu, vijijini kusiko na barabara, walibebwa humo wakipelekwa kujifungua. Miti ni ileile na mabega ni yaleyale. Udugu ule ungali ukifanya kazi mjini hadi leo, na wengi wa wanaoendesha kazi hiyo wanajitolea.

Tuliendelea kuelekea mtoni. Tulipita Orsanmichele, soko la nafaka lililogeuka kanisa, ambalo vyama vya mafundi vilipamba kuta zake kwa sanamu za watakatifu wasimamizi wao. Tulikanyaga uwanja wa Signoria, alikonyongwa na kuchomwa mtawa Savonarola mwaka 1498. Daraja la Ponte Vecchio, la mwaka 1345, limejaa maduka ya vito na wapiga picha, nasi hatukukaa. Ila Padri alituonyesha mto Arno, uliofurika tarehe 4 Novemba 1966 na kuzamisha vitabu na picha takatifu katika matope. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja, wakapanga mstari na kupokezana vitabu mkono kwa mkono kutoka katika ghala za maktaba. Wenyeji waliwaita malaika wa matope. Tunaliandika hili kwa ajili yenu mnaopenda kuuliza kijana asiye na fedha aweze kufanya nini.

Mchana, miguu ikiwa imevimba, tulirudi hadi uwanja wa Santissima Annunziata. Kule hapakuwa na watu wengi. Upande mmoja kuna baraza ndefu ya matao tisa, yenye nguzo za mawe ya kijivu, nayo pia ni kazi ya Brunelleschi, iliyoanza mwaka 1419. Ni Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto walioachwa. Chama cha wafanyabiashara wa hariri ndicho kilichoijenga, kikisaidiwa na urithi wa mfanyabiashara Francesco Datini wa mji wa Prato. Juu ya nguzo kuna watoto wachanga wa udongo uliochomwa, waliofinyangwa na Andrea della Robbia, weupe juu ya buluu, wamezongwa nguo, wamefungua mikono.

Mwishoni mwa baraza, upande wa kushoto, kuna dirisha dogo lenye nondo. Katika nyakati za baadaye watoto walipitishwa hapo usiku, hadi dirisha lilipofungwa mwaka 1875. Lakini wa kwanza kabisa alipokelewa tarehe 5 Februari 1445, sikukuu ya Mtakatifu Agata, akaitwa Agata Smeralda. Tunajua hayo kwa sababu kulikuwa na karani. Kila mtoto aliandikwa: siku aliyofika, nguo alizovaa, kitu alichokutwa nacho. Ndani ya jumba la makumbusho kuna droo ndogondogo zenye majina, na katika kila moja kuna alama ya mtoto mmoja: kifungo, kipande cha kitambaa, nusu ya medali takatifu. Nusu ya pili alibaki nayo mama, ili akirudi siku moja aweze kusema: huyu ni wangu. Wengi hawakurudi. Tusiupambe mji ule kupita kiasi, kwa maana watoto wengi walifia humo wangali wachanga. Hata hivyo waliandikwa.

Mbele ya droo hizo tulishindwa kuendelea. Padri alidhani ni miguu.

Zamani, tulipokuwa wageni katika ualimu, tulikuwa tukipewa orodha ya wanafunzi wasiolipa minervali, tuwatoe darasani. Mshahara ulikuwa haufiki na minervali hiyo ndiyo iliyotulisha. Hilo ni kweli, nasi tumelitumia kama udhuru kwa miaka mingi. Asubuhi moja tulimtoa mtoto wa kiume aliyekaa dawati la tatu, karibu na dirisha. Alifuta ubao wake kwanza, kisha akaondoka. Baada ya miaka kama miwili tulipita sokoni, na mmoja wa wale ambao mji unawaita maibobo akatuita, «Mwalimu!», kwa furaha kabisa. Tulimtambua kwa uso. Jina lake tulikuwa tumelisahau. Tulimpa noti tukaenda zetu, na juma lile lile tuliwafundisha walimu wanafunzi somo la kumwita kila mtoto kwa jina lake.

«Twende, Mwalimu,» akasema Padri, «treni haitatungoja.»

Tangu turudi nyumbani, kila Alhamisi jioni tunapita nyuma ya soko pamoja na vijana wanne wa parokia, tukiwa na daftari. Tunaandika tarehe, jina, nguo, na jina la mama kama mtoto analijua. Wa kwanza kabisa alitutazama sana, akakataa kutaja jina lake. Tuliandika: mvulana, miaka tisa hivi, fulana ya kijani iliyochanika mkono wa kushoto.